Saa Nzima Iliyobaki

Leonie Hartigan alikuwa na sifa moja mjini Goondiwindi, na wala haikuwa sifa ya kumfanya mtu apendwe: kwa miaka kumi na tisa hakuwahi kukosea hesabu ya masaa ya dereva. Wanawake wenzake walisifiwa kwa keki zao, kwa bustani zao, kwa watoto wao waliokwenda Brisbane wakarudi mawakili. Yeye alisifiwa kwa kujumlisha na kutoa. Madereva wa kampuni ya malori ya Stack walimwita Mama Saa, mbele yake kwa kicheko, nyuma yake bila kicheko.

Kazi yake ilikuwa kupanga safari: nani aondoke lini, abebe nini, asimame wapi, alale wapi. Asiyejua angedhani ni kazi ya kukaa kitini na kunywa chai. Dereva wa lori kubwa haruhusiwi kufanya kazi zaidi ya masaa kumi na mawili kati ya masaa ishirini na manne, na kupakia ni kazi, kujaza mafuta ni kazi, hata kukaa kwenye foleni ya mizani huku umekunja uso ni kazi. Masaa yakiisha, lori linasimama na halisogei kwa masaa saba. Tena katika kila wiki mbili lazima apate usiku nne za kulala usingizi wa watu, na mbili kati ya hizo zifuatane. Yote hayo dereva anayaandika kwa mkono wake kwenye daftari la kazi, na kila ukurasa una nakala ya njano inayorudishwa ofisini. Kuwapanga madereva kumi na wanne ndani ya sheria hiyo, huku wateja wanapiga kelele kwamba machungwa yao yanaoza, ni kazi ya kutoa mvi.

Leonie aliipenda sheria hiyo, na hakuona haya kusema hivyo. Kabla haijakazwa, alikwenda kwenye mazishi matatu ya madereva katika msimu mmoja wa pamba, na mara zote tatu alivaa gauni lile lile. Ndiyo maana pale Stack pakawa na desturi yao wenyewe: dereva akikaribia mwisho wa masaa yake humpigia simu Leonie, humtajia alianza saa ngapi na amepumzika kiasi gani, na Leonie humhesabia. Neno lake ndilo la mwisho. Hata dereva mwenye daftari safi namna gani, hupiga simu akasema, "Nihesabie, Mama Saa."

Kulikuwa na balaa moja tu, nalo ni mto. Goondiwindi iko jimbo la Queensland, na ukivuka daraja uko jimbo la New South Wales. Kila Jumapili ya kwanza ya Oktoba watu wa ng'ambo husogeza saa zao mbele kwa saa nzima, na watu wa huku hawasogezi kitu. Sheria inamtaka dereva ahesabu kwa saa za kwao, hata akiwa mwisho wa dunia. Lakini simu za mji huu ni vigeugeu. Zinadaka minara ya ng'ambo, zinarukia saa za huko, kisha zinarudi zenyewe kama mume aliyelewa. Leonie mwenyewe alibandika karatasi ofisini, chini ya saa ya ukutani, kwa wino mwekundu: USIHESABU KWA SIMU. Aliwagombeza watu wazima kwa ajili ya karatasi hiyo.

Sasa, katika madereva wake wote, aliyempenda zaidi ni Neville Gorrie. Nev alikuwa na miaka hamsini na sita, mkimya, mke alishamwacha, na daftari lake lilikuwa la kutamanisha: mistari aliyoichora kwa rula, jumla zimeandikwa kwa tarakimu za mviringo, hakuna kufutafuta. Wengine walileta nakala zao zina madoa ya mchuzi wa nyanya. Za Nev zilifika kila Ijumaa, safi, zimekunjwa mara moja.

Baba yake Nev, mzee Alby, naye alikuwa dereva zamani, enzi za vidonge vya kufukuza usingizi na madaftari mawili mawili, moja la kweli na moja la mkaguzi. Mwaka huo mapafu yalimwishia. Tangu Agosti alikuwa hospitali pale mjini, na aliyeshinda kitandani kwake ni Glenda, dada yake Nev. Nev alikwenda mara chache. Leonie alidhani ni kazi inayomzuia, akajilaumu, maana kazi hiyo ni yeye aliyeipanga.

Basi mwishoni mwa Septemba alikaa siku mbili nzima na ratiba yake. Akamwondoa huyu, akamsogeza yule, akamwahidi wa tatu safari za karibu hadi Krismasi, ilimradi usiku mbili za Nev zinazofuatana ziangukie Jumatatu na Jumanne, nyumbani, mitaa minne kutoka hospitali. Alipomwonyesha, Nev aliisoma karatasi, akairudisha mezani.

"Si lazima, Leonie."

"Ni lazima kisheria, bwana. Usiku mbili zinazofuatana. Kwa nini usizipate pale zinapokufaa?"

"Na wikendi?"

"Wikendi uko hapahapa. Kaa na mzee."

"Nipe safari ya Griffith," alisema Nev. "Machungwa. Niende Jumapili nirudi Jumatatu."

Alimpa. Angemnyimaje mtu kazi anayoiomba? Jambo hilo alikuja kulikumbuka baadaye, wakati kukumbuka kulikuwa hakumfai mtu.

Jumatatu ile ilikuwa sikukuu, na saa za ng'ambo zilikuwa zimesogezwa jana yake. Ofisi ilifungwa. Leonie alikaa barazani kwake, mtaa unaopakana na mto, miguu juu ya kiti, sahani ya pai mapajani, simu mkononi. Kutwa nzima Glenda alikuwa akimtumia ujumbe. Mzee amebadilika. Mzee hali chakula. Daktari anasema labda leo, labda kesho. Anamwulizia Nev. Leonie alimjibu kila mara: yuko njiani, amepita Dubbo, amepita Narrabri, usiku huu na wa kesho ni wake, nimempangia mwenyewe.

Jioni simu ikalia.

"Nihesabie, Mama Saa," alisema Nev.

"Uko wapi?"

"Kwenye kituo cha kupumzikia, baada ya Moree. Kile chenye mapipa mawili na meza iliyovunjika."

Leonie alikijua. Kutoka pale hadi mjini ni dakika arobaini na tano, na lori limejaa.

"Umeanza saa ngapi?"

"Saa kumi alfajiri."

"Umepumzika kiasi gani?"

"Masaa mawili, ukijumlisha yote."

Aliishusha simu kutoka sikioni, akaiangalia. Ilisema saa kumi na mbili kamili jioni. Jua bado lilikuwa juu ya miti ya ng'ambo, jua la saa kumi na moja kabisa, lakini Leonie hakuliangalia jua. Kutoka saa kumi hadi saa kumi na mbili ya jioni ni masaa kumi na manne. Toa mawili. Yanabaki kumi na mawili.

"Nev."

"Nakusikia."

"Masaa yako yamekwisha. Kumi na mawili, hakuna hata dakika ya kukopa."

Alisikia gari jingine likipita barabarani upande wa Nev, mlio ukaja, ukaondoka.

"Una hakika?" aliuliza Nev.

"Nina hakika, ndugu yangu. Ee Mungu, nina hakika. Natamani nisingekuwa nayo."

"Basi yamekwisha."

"Sikiliza. Usisogeze lori, lakini wewe si mzigo. Nakuja kukuchukua na gari langu. Dakika arobaini niko hapo."

"Na machungwa? Nani atakaa nayo? Mashine ya baridi inakohoa tangu Gilgandra."

"Machungwa yaende zake!"

"Hapana, Leonie. Nitakaa masaa yangu saba kama watu wengine. Mzee atanisubiri. Maisha yake yote alikuwa anasubiriwa yeye, acha naye asubiri kidogo."

Alicheka kidogo, na Leonie akacheka naye kwa kumfariji. Alijiambia huyu ni Nev, mtu wa sheria, mtu ambaye hata baba yake anakufa hawezi kuacha mzigo wa watu barabarani. Alikuwa karibu kumwonea fahari.

Mzee Alby alikata roho saa tatu usiku. Nev aliingia hospitali saa saba kasorobo, akakuta Glenda amekaa kwenye korido na mfuko wa nguo za mzee mapajani.

Kwenye mazishi, Leonie alivaa lile gauni. Baada ya kutoka kaburini watu walikwenda ukumbini kula mikate na kunywa chai, na wanaume wakahamia kwenye bia. Glenda alikuwa mwanamke mnene, mwenye sauti ya kuitia mbwa, na siku hiyo hakuishusha.

"Oho, Mama Saa! Umekuja kutuhesabu? Tuko sitini na wawili, na mmoja yuko chini."

"Pole sana, Glenda."

"Dakika arobaini na tano! Baba yangu anaita jina la mwanawe, mwanawe yuko dakika arobaini na tano, anakodolea macho pipa la taka, kwa sababu mama mmoja kwenye simu amesema masaa yamekwisha. Ungekuwa wewe, baba yako, ungesema yamekwisha?"

"Ningesema, Glenda. Nimezika watatu waliosema bado wanaweza."

"Basi zika na wa nne, ushazoea."

Nev alikuwa amesimama karibu na birika la chai, kikombe mkononi, na alisikia kila neno. Hakumtetea Leonie, wala hakumtetea Glenda. Alikwenda nje. Mji mzima ukachukua upande wa Glenda. Duka la mikate, posta, kila mahali Leonie alipoingia maneno yalikatika. Alistahimili, maana alikuwa na kitu kimoja cha kushikilia: hesabu ilikuwa sahihi. Sheria ilikuwa kali, sawa, lakini hesabu ilikuwa sahihi.

Dereva ana siku ishirini na moja za kurudisha nakala. Nev, yule wa kila Ijumaa, alizirudisha siku ya ishirini na moja yenyewe. Hakuingia nazo ofisini, alizipenyeza chini ya mlango.

Leonie alizifungua asubuhi akiwa na chai yake. Alikuta ukurasa wa Jumatatu ile na akataka kuupita haraka, lakini mkono wake ulikuwa umezoea, na macho yake pia. Kuanza, saa kumi alfajiri. Mapumziko Forbes, mapumziko Dubbo, mapumziko Narrabri. Kusimama kwa mapumziko, kituo baada ya Moree, saa kumi na nusu jioni. Kuanza kupumzika masaa saba, saa kumi na moja jioni.

Saa kumi na moja.

Aliangalia saa ya ukutani, akaangalia karatasi yake nyekundu chini ya saa, akaichukua simu kutoka mkobani, na simu, bila aibu, ikamwonyesha saa nzima mbele ya ile ya ukutani. Alichukua kalamu akahesabu upya kama mtoto wa shule, kwa vidole. Masaa kumi na matatu, toa mawili. Kumi na moja. Na pale chini, kwa tarakimu za mviringo: jumla ya kazi, masaa 11.

Saa nzima ilikuwa imebaki. Nyumbani ni dakika arobaini na tano. Angefika jua halijazama vizuri, angekaa na baba yake masaa matatu.

Alikwenda kwa Trevor Stack, mwenye kampuni, ambaye mlango wake huwa wazi kwa sababu kitasa kilivunjika. Alimweleza yote bila kujitetea. Trevor alisikiliza huku akila biskuti.

"Hebu tuulizane. Sheria gani imevunjwa?"

"Hakuna."

"Dereva amefanya kazi nyingi mno au amepumzika mno?"

"Amepumzika mno."

"Basi mkaguzi akija, mpe chai. Leonie, nchi hii hajawahi kushtakiwa mtu kwa kupumzika. Karatasi ni safi. Iweke kwenye faili, nenda kale."

"Trevor, nilimnyima mtu baba yake."

"Umri wa mzee ndio uliomnyima. Usiende kumwambia Nev. Utajisikia vizuri wewe, yeye je?"

Ni neno la busara, na lilitoka kwenye mdomo uliojaa makombo, na Leonie alilidharau kwa sababu hiyo. Alimwona Trevor ni mwoga anayeogopa dereva mzuri asimwache. Alibeba siri hiyo siku nne. Hakulala. Alipika akaacha, aliwasha televisheni bila kuitazama. Siku ya tano, wakati wa chai ya saa nne, alitoka uani na ule ukurasa wa njano kifuani.

Nev alikuwa anazunguka lori lake na nyundo ya mpira, anagonga tairi moja moja, anasikiliza.

"Nev, nina neno."

"Kama ni Griffith wiki ijayo, nimekubali."

"Si Griffith. Ni Jumatatu ile."

Aligonga tairi. "Jumatatu zimepita nyingi."

"Nilikosea hesabu," alisema Leonie, na machozi aliyoahidi kuyazuia yakamtoka papo hapo. "Nilihesabu kwa simu. Mimi! Nilikuwa barazani kwangu, nikaangalia simu, na simu ilikuwa imerukia saa za ng'ambo. Ulikuwa na saa nzima, Nev. Ungefika. Ungemkuta yuko macho. Glenda ana haki ya kunitukana, tena matusi yenyewe hayatoshi."

Nev aligonga tairi la pili. "Hili limepungua upepo."

"Umenisikia?"

"Nimekusikia. Karatasi gani hiyo umeikumbatia kama kichanga?"

"Ukurasa wako wa siku hiyo."

"Mwandiko wa nani huo?"

"Wako."

"Nisomee jumla."

"Masaa kumi na moja."

"Unafikiri niliijumlisha lini? Krismasi?"

Nev aliweka nyundo juu ya ngazi ya lori, akajifuta mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja.

"Saa yangu hii hapa mkononi. Miaka thelathini haijavuka mto. Niliposimama pale nilikuwa na saa nzima, na nilijua nina saa nzima. Nikakaa nusu saa kabla ya kukupigia. Hiyo nayo imeandikwa hapo, hukuiona?"

Alikuwa ameiona. Saa kumi na nusu, saa kumi na moja. Aliiona akaipita, kwa sababu alikuwa anatafuta kosa lake mwenyewe na alipolipata hakutafuta jingine.

"Kwa nini?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Glenda aliniandikia kwamba mzee anataka kuniomba radhi." Nev alilitamka neno hilo la radhi kama mtu anayetema kokwa. "Mama alipokufa nilikuwa na miaka kumi na sita. Nilimshika mkono peke yangu, Glenda alikuwa mdogo, kapelekwa kwa majirani. Mzee alikuwa mbali, Mackay. Alipigiwa simu, akaambiwa njoo, akasema sawa. Halafu akapakia mzigo mwingine wa sukari, akaenda kaskazini zaidi. Siku tisa baadaye ndiyo akarudi, akauliza kuna nini cha kula. Miaka arobaini, Leonie, hakulitaja. Sasa anakufa, ndiyo analitaja. Nikakaa pale nikawaza: rahisi sana kwake. Aseme neno moja afe ametulia, na mimi nibaki nalo."

"Sasa mbona ulinipigia?"

"Kwa sababu sikuweza kuamua. Nikasema, Mama Saa hakosei. Nikimpigia ataniambia una saa nzima, bwana, njoo nyumbani. Na wewe ukisema njoo, nakuja. Nilikuwa sijazima hata taa."

Uani palikuwa na jua kali na harufu ya dizeli. Leonie alimtikisia ile karatasi.

"Ungeniambia nimekosea! Neno moja tu! Ungesema, Leonie, angalia saa yako vizuri!"

"Nilikuuliza kama una hakika."

"Nev..."

"Ukasema unayo. Basi nikafurahi. Hilo nalo nikuambie, maana leo ni siku ya kuambiana. Nilifurahi kama mtu aliyeachiwa na polisi. Ikachukua kama dakika mbili. Halafu nikaanza kuangalia saa. Saa kumi na moja na robo, bado naweza, maana kupumzika hakuli masaa. Na dakika ishirini na tano, bado naweza. Na nusu. Ilipofika saa kumi na mbili kweli, nikazima taa, nikalala. Nililala vizuri, unajua? Mzee anakufa, nami nimelala vizuri."

Leonie alitaka kumshika mkono. Nev aliuondoa wa kwake akauweka mfukoni.

"Wiki tatu nilikuwa na sheria," alisema. "Watu wananiambia pole, sheria hizi ni za kinyama. Glenda anasema ni wewe. Nilikaa kimya, na kila siku nikaamini kidogo zaidi. Nilikuwa nimebakiza mwezi mmoja hivi ningeamini kabisa. Sasa umekuja kujitua mzigo wako, umeufungua hapa mbele yangu, na ndani yake nimejikuta mimi."

"Nisamehe."

"Mimi?" Nev alimtazama kwa mara ya kwanza tangu waanze kuzungumza, na macho yake yalikuwa makavu. "Mimi si mtu wa kuombwa radhi, Leonie. Umeona yaliyompata aliyejaribu."

Mlango wa karakana ulijigonga kwa upepo. Fundi mmoja alitoka na kikombe, akawaona, akarudi ndani.

"Nikamwambie Glenda ukweli?" aliuliza Leonie. "Kwamba kosa ni langu, wewe usiguswe."

"Glenda mwache na sheria yake. Sheria haiumii." Aliiokota nyundo. "Hiyo karatasi mnaitunza muda gani?"

"Miaka mitatu."

"Halafu?"

"Inachomwa."

"Basi wewe una miaka mitatu," alisema Nev, akageukia tairi la tatu.

Leonie alirudi ofisini. Alifungua kabati, akauweka ukurasa ule nyuma ya wa Jumapili na mbele ya wa Jumanne, mahali pake. Alikuwa na hasira na Trevor kwa kuwa alisema kweli, na hasira na Nev, na aliyemkasirikia kuliko wote ni yule mwanamke wa barazani na pai yake, anayesema nina hakika. Miaka kumi na tisa watu walimpigia simu, naye alidhani wanamwuliza saa.

Simu ya mezani ililia. Alikuwa Lachie Brandt, dereva wa pamba, kijana wa watu, mcheshi, mke wake ndiyo kwanza amejifungua.

"Nihesabie, Mama Saa! Niko Moonie, nimenusa nyumbani."

Leonie alinyoosha mkono kuchukua kalamu, akauacha mkono palepale juu ya meza.

"Unataka kufika, Lachie?"

"Eti?"

"Nimekuuliza, unataka kufika nyumbani leo?"

Lachie alicheka. "Swali gani hilo, mama? Umeanza kunywa asubuhi?"

Leonie hakucheka. Alingoja mpaka Lachie naye akaacha kucheka, na laini ikawa kimya, na bado akangoja. Hakuigeukia saa ya ukutani mpaka alipomsikia akijibu.